Naomba ushauri: kaka yangu amebadilika tabia tangu ajali ya bodaboda, ingawa picha ya kichwa haikuonyesha kitu

Kitinda Mimba, Ngamiani

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Kaka yangu mkubwa ni mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, hapa Tanga, na kwa muda mrefu alikuwa mweka hazina wa chama chao cha kufa na kuzikana. Alipewa kazi hiyo kwa sababu watu walimjua kuwa ni mtu wa maneno machache na asiyegusa fedha za wenzake. Mwaka jana, akitoka Pongwe akiwa abiria wa bodaboda bila helmeti, walipata ajali, akaangukia kisogo na kupoteza fahamu hadi kesho yake. Picha ya CT haikuonyesha damu wala ufa wa fuvu, na aliporuhusiwa tuliambiwa amepona.

Anatembea vizuri, anazungumza vizuri, na bei za vibua za miaka iliyopita anazikumbuka kuliko mimi. Lakini sasa anamjibu mama kwa matusi mbele ya wageni, anamkopesha fedha kila anayemwomba, na matangani majuzi alimtania mfiwa hadi watu wakainamisha vichwa kwa aibu. Juzi alinunua vibua vilivyokwisha kuoza, akavipanga mezani na kugombana na wateja waliolalamika. Tukimweleza, anashangaa kwa dhati na kusema kwamba sisi ndio tuliobadilika.

Shangazi anaamini kuwa amechezewa na washindani wake wa sokoni. Kaka yetu wa pili anasema hii ndiyo tabia yake halisi, na kwamba ajali imemwondolea soni tu. Shemeji amechoka na anafikiria kurudi kwao Muheza. Je, huu ni ugonjwa au ndivyo alivyo? Na tuishi naye vipi?

Ustaadh wa Makorora

Waaleikum salaam. Mtu akipatwa na hofu kubwa barabarani, mengine huweza kumwingia bila yeye kujua. Ningeshauri asomewe kwanza, na asomewe na mtu anayeaminika, asiyedai kuku wala fedha nyingi. Kisomo hakitamdhuru.

Nesi Mstaafu

Kisomo hakitamdhuru, Ustaadh, lakini neno "kwanza" ndilo linalonitia wasiwasi, kwa maana katika kazi yangu nimewaona wengi waliofika hospitali wakiwa wamepoteza kazi na ndoa. Mdogo wangu, kabla sijasema mengi, nijibu hili: je, kaka yako ananusa? Nauliza kwa sababu ya hao vibua.

Kitinda Mimba, Ngamiani

Umenishtua. Tangu atoke hospitali analalamika kuwa chakula hakina ladha, na amekuwa akimlaumu shemeji kwamba siku hizi anapika ovyo. Jana nilimsogezea chupa ya mafuta ya taa puani akiwa amefumba macho, akasema ni maji.

Nesi Mstaafu

Basi nitaeleza ninavyofahamu, ingawa mimi si daktari na sijamwona mgonjwa.

Mtu akianguka kwa kisogo, ubongo husukwa ndani ya fuvu, na mara nyingi sehemu inayoumia zaidi ni ya mbele, nyuma ya paji la uso na juu ya macho, kwa sababu hapo sakafu ya fuvu ina mifupa yenye kingo kali. Nyuzi za neva za kunusa hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa huohuo, kwa hiyo mtikisiko unaweza kuzikata. Ndiyo maana mtu anayepoteza uwezo wa kunusa baada ya kuumia kichwa, kisha akabadilika tabia, humfanya daktari aishuku sehemu hiyo ya ubongo. Picha ya CT ni nzuri kwa kuonyesha damu na mifupa iliyovunjika, lakini nyuzi ndogo za ubongo zilizochanika mara nyingi hazionekani humo. Picha safi haimaanishi kwamba ubongo haukuumia.

Sehemu hiyo ya mbele haitunzi bei za samaki wala haiongozi miguu, ndiyo maana hayo yamebaki salama. Kazi yake ni kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, kuzuia neno lisitoke, na kusoma nyuso za watu. Ikiumia, mgonjwa huenda asione kabisa kwamba amebadilika; kwa hiyo anaposhangaa, hajifanyi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka na kurusha nondo yenye urefu wa zaidi ya mita moja, ikaingia shavuni na kutokea utosini. Alipona jeraha na kuishi hadi 1860, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba marafiki zake walimwona si Gage yule tena. Ambalo watu husahau kulisimulia ni kwamba baadaye alifanya kazi ya kuendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, na baadhi ya watafiti wanaona kuwa kazi yenye utaratibu uleule kila siku ilimsaidia kujirudi.

Binti Raskazoni

Naongeza moja. Mama yangu alipopata kiharusi alianza kulia kwa kwikwi kila alipoona mgeni, nasi tukadhani ana huzuni kubwa. Daktari alitueleza kwamba ubongo ulioumia unaweza kutoa kilio au kicheko ambacho hakilingani na anachohisi mtu, na kwamba dawa zipo. Kama kaka yako alicheka pale matangani, kicheko hicho kisichukuliwe moja kwa moja kuwa dharau.

Kitinda Mimba, Ngamiani

Nawashukuru sana. Lakini hoja ya kaka wa pili bado inanisumbua: kama maneno haya yalikuwamo ndani yake muda wote, si ndiye yeye?

Nesi Mstaafu

Mawazo mabaya humpitia kila mtu, mimi nikiwemo. Kujizuia nako ni kazi ya ubongo, na ni sehemu ya mtu sawa na hasira yake. Kaka yako wa zamani, aliyeshika fedha za watu bila kuzigusa, hakuwa akiigiza. Alikuwa na kiungo kizima cha kumsaidia kuwa hivyo. Mwambie kaka wa pili maneno haya kwa upole, maana naye ameumizwa.

Kuhusu kuishi naye: msibishane naye anapokuwa amepandwa na hasira, bali mhamishieni kwenye jambo jingine. Mpunguzieni kelele na uchovu, usingizi wake uwe wa kutosha, na pombe asiiguse kabisa. Asinunue samaki peke yake, awe na mtu wa kunusa. Fedha za chama zikabidhiwe kwa mwingine kwa heshima, kwa sababu ya afya, bila kumtuhumu. Asifungwe wala kupigwa. Nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, lakini inaweza kuendelea hata baada ya mwaka. Hakuna kidonge cha kurudisha sehemu iliyoumia, ila sonona, hasira na kukosa usingizi vinatibika. Akianza kukodoa macho bila kujibu au kupata degedege, mpelekeni haraka, kwani kifafa huweza kuja baadaye.

Anzeni hospitali ya Bombo, muombe aonwe na daktari wa magonjwa ya akili, na muulize kama anahitaji rufaa ya Muhimbili.

Ustaadh wa Makorora

Nimeelewa. Shangazi yenu akikataa, nipigieni simu nije kuzungumza naye. Pengine atanisikiliza mimi kabla ya daktari.

Kitinda Mimba, Ngamiani

Tutakupigia, Ustaadh, kwa sababu atakataa. Jumatatu nitampeleka Bombo mwenyewe.

Nesi Mstaafu

Usiende naye peke yako. Nenda na shemeji, na muandike kwenye karatasi mambo aliyoyafanya na lini aliyafanya, pamoja na habari ya kunusa, kwa sababu mbele ya daktari atakuwa mpole na atasema hana tatizo lolote.