Naomba ushauri: kuhesabu vitwitwi maji yakijaa saa sita mchana

Habari zenu wanachama. Naombeni msaada kuhusu kupanga siku ya kuhesabu ndege wa pwani, wakiwemo vitwitwi, kwenye hifadhi ya pwani yenye tope pana.

Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hujaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Ndege husogezwa karibu na ufuko, hadi mita 150, lakini ndipo hewa inapocheza kwa joto. Darubini ya miguu mitatu (inayokuza mara 20–60) ikizidi mara 30 haionyeshi kitu ila mtetemo. Sululu na membe, ambao ni ndege wakubwa, si tatizo. Shida ni vitwitwi wadogo waliochanganyika, hasa wakificha midomo mgongoni.

Siku za maji mafu (maji madogo ya nusu mwezi) maji hujaa asubuhi na jioni, mwanga ni mzuri, ila tope halifunikwi lote na ndege hutawanyika mbali.

Nimeshajaribu kushusha stendi na kuikinga na upepo, kukaa jua likiwa mgongoni, na kuhesabu kumi kumi kisha kukadiria kundi zima. Hesabu mbili za kundi lilelile zikatofautiana kwa theluthi, na hilo silikubali.

Maswali yangu:

1. Je, niende siku ya ngapi baada ya bamvua ili nipate mwanga bila kupoteza mkusanyiko?
2. Kwa kundi mchanganyiko, mnahesabu jumla kwanza kisha mnachukua sampuli ya aina, au kila aina peke yake? Sampuli iwe ndege wangapi?

Natanguliza shukrani.