Gumzo la ukoo: Kulwa na polisi wa Texas

Mama Kulwa: Habari za jioni ndugu zangu. Kulwa anaripoti chuo Houston mwezi ujao. Polisi wa huko akimsimamisha kwa weusi wake tu, akadai kitambulisho, ni lazima atoe?

Mjomba Masalu: Akiwa anaendesha gari hana ujanja, leseni anatoa, sawa na trafiki wa hapa Buzuruga. Kwa miguu ni habari nyingine. Kesi ya Brown dhidi ya Texas, 1979: mtu alisimamishwa uchochoroni El Paso, polisi hawana kosa la kumshuku nalo, akagoma kujitambulisha. Mahakama ya Juu ikampa ushindi.

Kulwa: Shikamoo mjomba. Kwa hiyo nikaushe tu?

Dada Rehema: Usikaushe, uliza kwanza: "Niko huru kuondoka?" Akisema ndiyo, ondoka taratibu. Ukitimua mbio unampa sababu ya kukushuku. Akisema hapana, umezuiliwa. Hata hapo, kwa Texas, mtembea kwa miguu halazimiki kutaja jina mpaka akamatwe kihalali. Ila ukishazuiliwa, kutaja jina la uongo ni kosa la jinai. Wengi wanaponzwa na hilo la pili.

Joshua: Na asiibebe sheria ya Texas kwenda nayo jimbo jingine 😅 Nevada, polisi akiwa na sababu ya maana ya kukushuku, jina unataja. Kesi ya Hiibel, 2004, majaji 5 kwa 4. Jina tu lakini, kadi haikutajwa.

Mama Kulwa: Mbona hamsemi habari ya rangi?

Mjomba Masalu: Dada, rangi peke yake si sababu halali. Shida ni kuithibitisha. Tangu kesi ya Whren, 1996, polisi akikukuta na kosa dogo la kweli, hata taa ya nyuma iliyoungua, kukusimamisha ni halali, hata kama kilichomvuta ni sura yako. Kwa hiyo mwenye gari akague taa kabla hajatoka. Upekuzi aukatae kwa mdomo, "sikubali", mikono ionekane, asimsukume mtu.

Dada Rehema: Mnasahau kubwa kuliko yote: Kulwa si raia. Sheria ya shirikisho inamtaka mgeni wa miaka 18 na kuendelea atembee na hati ya usajili. Kwa mwanafunzi ni I-94, yaani rekodi ya kuingia kwake Marekani. Kutokuwa nayo ni faini, au kifungo hadi siku 30.

Shangazi Pili: Sasa haki ya kukataa iko wapi hapo!

Joshua: Ipo, shangazi. Kunyamaza ni haki ya mgeni pia. Afisa wa uhamiaji akiitaka hati, ampe. Akianza kumhoji anaishi na nani, alipitia wapi, ajibu "nataka wakili", anyamaze.

Kulwa: Basi kesho naichapisha hapo stesheneri Nyegezi.

Dada Rehema: Hutaipata mdogo wangu, inatengenezwa ukishapokelewa uwanja wa ndege kule. Ukifika ipakue mtandaoni, linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi, ndipo uchapishe.

Kulwa: Sawa dada 🙏🏿