Nimeuziwa intaneti ya "20MB", kumbe b ndogo! Hii ni kangomba ya mtandao, wizi wa vipimo kama ule wa korosho

Wakuu, salamu kutoka Mtwara mjini. Nina hasira, mtanivumilia.

Nina steshenari yangu hapa Chikongola. Mwezi uliopita alikuja wakala wa kampuni moja ya intaneti (jina naliacha, sitaki kesi) na karatasi imeandikwa "20MB kwa sekunde". B kubwa kabisa, yaani megabaiti. Nikapiga hesabu mbele yake: faili la GB 1.5 ni MB 1,500, gawa kwa 20, sekunde 75. Nikamuuliza, una uhakika? "Bosi, huu moto wa kuotea mbali." Nikalipa kufungiwa, nikalipa na mwezi wa kwanza.

Faili la kwanza: dakika kumi na ushee. La pili hivyo hivyo. Kompyuta inasoma MB 2.3 kwa sekunde, ikijitahidi sana 2.4. Wateja wamekaa kwenye benchi wananitazama kama tapeli.

Nikalalamika, wakaleta fundi. Akapima kasi kwa simu yake: 19.4. "Si unaona mzee? Mtandao uko poa."

Na kweli uko poa! Hapo ndipo nilipochemka. Kipimo chake kinasoma megabiti, b ndogo. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu, na bado kuna kidogo kinacholiwa na anwani zinazobebwa na kila kipande cha data njiani. Yaani ile 2.3 ndiyo haki yangu.

Kasi kupimwa kwa biti ni desturi ya dunia nzima, sibishi. Lakini hawahawa wakikuuzia bando wanahesabu MB na GB za baiti. Bando kwa baiti, kasi kwa biti, na mdomoni zote "embii". Hebu mtajie mkulima wa Newala bei ya korosho kwa kilo, halafu kila kilo umlipe kama ratili moja, yaani kama nusu kilo hivi, uone kama utatoka hapo na shati lako. Tofauti ni kwamba kangomba ya korosho inakamatwa.

Na nyie mnaojiandaa kuandika "kosa lako, ungesoma": nilisoma! Karatasi ninayo. Werner Buchholz wa IBM alipotunga neno baiti mwaka 1956, kwa Kiingereza aliliandika kwa y badala ya i makusudi, lisije likachanganywa na biti. Alishaona mbali. Hawa hata herufi moja imewashinda.

Walioko Masasi na Lindi mliopewa karatasi kama hii, iwekeni hapa tuione.

NYONGEZA, saa 2 usiku: wakala amepiga. Anasema niongeze hela kidogo anipandishe "40". Nikamuuliza, 40 za b ipi? Eti ngoja amuulize bosi wake.