Tupeane uzoefu: klabu yetu ya kuzungumza mbele ya watu hapa Mbeya inakufa, nyie wenzetu mlifanyaje?

Mwana Loleza
Habari za jioni wakuu. Nimetoka Soweto, mtaa wa hapa Mbeya, sasa hivi na moyo umechoka kuliko miguu. Tuna klabu ya kujifunza kuzungumza mbele ya watu, tunakutana Jumamosi saa 10 jioni kwenye darasa tuliloazimwa. Tulipoanza tulikuwa 26, wengine walisimama dirishani kwa kukosa viti. Leo tumekuja wanne. Mmoja kahutubu, mmoja kashika saa, mmoja katathmini, na mimi mwenyekiti nikawa ndio hadhira nzima.

Yule dada alijiandaa wiki mbili. Kazungumza dakika 6 kuhusu mama yake anayeuza ndizi Mwanjelwa, kazungumza vizuri mpaka nikasahau baridi. Akamaliza, akaangalia vile viti vitupu, akakunja karatasi yake. Sikuwa na la kumwambia.

Kila ninayempigia ananiambia ni baridi. Mbona Juni ya mwaka jana baridi ilikuwepo na watu walikuja na makoti yao? Aliyewahi kupitia hili aniambie alifanyaje.

Ngoja Waje
Naweka kambi hapa. Na sisi Makambako tuko njia hiyo hiyo.

Dereva wa Uyole
Jumamosi saa 10 ni saa ya mpira mkuu. Siku Simba na Yanga wanacheza hata mwenyekiti ningemsamehe asipotokea. Hamishia Jumatano jioni.

Mama Forest
Jumatano jioni sisi wenye watoto tunatoka kazini saa ngapi? Na saa 2 usiku nitapata wapi bajaji ya kunirudisha? Iacheni Jumamosi, ila ianze saa 8.

Binti Gangilonga
Uzi huu umenirudisha mbali. Sisi tulikuwa Iringa mjini, karibu na Miyomboni. Klabu yetu ilikufa, na siku iliyokufa naijua.

Alikuja kijana wa bodaboda. Mara ya kwanza alikaa nyuma, mara ya pili akajibu swali la papo kwa papo, lile la dakika moja mpaka mbili, akachekesha watu vizuri tu. Mara ya tatu akatoa hotuba yake ya kwanza, ya kujitambulisha, dakika 4 mpaka 6. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alitetemeka, ila alifika mwisho.

Akasimama mtathmini wetu. Huyu alikuwa ndiye bingwa wetu, anajua kuongea kweli kweli. Akasoma orodha: umesema "eeh" mara 41, mkono ulikuwa mfukoni, macho ulituficha, mwanzo haukuwa na mvuto, mwisho haukuwepo. Watu wakacheka pale kwenye 41. Dakika 3 nzima hakutaja hata kitu kimoja ambacho yule kijana alikifanya vizuri. Na zile "eeh" nilizihesabu mimi, ndiyo ilikuwa kazi yangu siku ile, na karatasi nilimpa mimi.

Kijana akasema asante, akachukua helmeti yake mlangoni, akaondoka. Hakurudi. Wiki iliyofuata watu watatu waliopangiwa hotuba za kwanza wote wakapata udhuru. Mmoja msiba, mmoja safari ya Mafinga, mmoja hakupokea simu. Tukawa 14, tukawa 9, tukawa 5, kisha mwenye ukumbi akaomba funguo yake.

Watu wanataja baridi kwa sababu hawawezi kukuambia usoni kwamba wameogopa walichokiona kikimpata mwenzao.

Baada ya miezi mingi nikamkuta Ipogolo akisubiri abiria. Nikamwomba radhi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia, "Dada, nilikuwa nimeshawaambia abiria wangu wote kwamba najifunza kuongea."

Mpaka leo nikipita Ipogolo naangalia pembeni.

Parachichi
Hapo kwenye abiria wake wote nimeishiwa nguvu.

Mama Forest
Pole dada. Ni kweli tupu.

Msema Kweli
Poleni, lakini mimi sikubali. Mtu mzima anahitaji kuambiwa ukweli. Nimekaa kwenye klabu ya kupongezana kwa makofi, kila mtu "umefanya vizuri sana", miezi sita hakuna aliyeongezeka hata hatua moja. Mimi mwenyewe niliacha kwa sababu hiyo. Kusifiwa uongo nako ni kudharauliwa.

Binti Gangilonga
Hakuna aliyesema asifiwe uongo. Yule kijana alituchekesha, alifuata muda, alituambia jina la kijiji chake na kwa nini alikiacha. Hayo yalikuwa ya kweli pia. Kwa nini ukweli uwe ule unaouma tu?

Msema Kweli
41 ni 41.

Parachichi
Kaka, mtu wa kwanza kupanda baiskeli humhesabii alivyoyumba. Mwambie kitu kimoja cha kurekebisha, akirudi mwambie kingine. Akishafika hotuba ya tano ndipo mletee hizo hesabu zako, na yeye ndiye atakayekuwa anazidai.

Msema Kweli
Hapo kwenye hotuba ya tano tunaweza kukubaliana.

Kijana wa Iyunga
Mwenye uzi hajasema jambo moja. Mnazungumza lugha gani huko? Maana nilikuja mara moja nikakuta kila kitu Kiingereza. Mzee mmoja fundi wa Mafiati alikaa saa nzima hajafungua mdomo.

Mwana Loleza
Ni Kiingereza. Wengi wetu tuliingia tukiwa tunatafuta kazi, tunaogopa usaili.

Kijana wa Iyunga
Basi mmejifungia mlango wenyewe. Fundi ana harusi ya binti yake, ana kikao cha mtaa, ana mgogoro wa mpaka wa shamba. Wapi kati ya hapo ataombwa Kiingereza?

Msomi wa Mkwawa
Na sisi wa chuo tukafanyie wapi mazoezi ya Kiingereza? Kiswahili tunaongea kutwa. Msituondolee sehemu pekee tuliyonayo.

Kijana wa Iyunga
Kuongea kutwa na kuhutubu ni vitu viwili. Simama sasa hivi uelezee jambo dakika 7 kwa Kiswahili bila kuchomeka "so" na "actually", tuone.

Msomi wa Mkwawa
Njoo Iringa nikuonyeshe.

Mama Forest
Acheni hizo. Kanisani kwetu kuna ibada mbili na kila mtu anajua yake. Wiki hii Kiswahili, wiki ijayo Kiingereza, imekwisha.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, nimesoma yote. Niongeze jambo ambalo linaweza kumpa moyo mwanangu wa Loleza. Hizi klabu za Toastmasters ambazo wengi mnaiga mpangilio wake zilianzishwa na Ralph Smedley huko Marekani. Wengi wanajua mwaka 1924, Santa Ana, California. Wasichojua ni kwamba alishaanza kujaribu tangu 1905 akiwa mfanyakazi wa YMCA, kile chama cha vijana wa Kikristo, kule Illinois. Alikuwa anahamishwa kituo hadi kituo, na kila alikofika alianzisha kikundi, na kila alikoondoka kikundi kikafifia. Yaani mwanzilishi mwenyewe klabu zilimfia karibu miaka 20.

Sasa nikuulize, mwenyekiti: ukiugua Jumamosi ijayo, nani anafungua mlango? Nani ana ufunguo wa pili? Nani anajua ratiba ya wiki mbili zijazo? Kama jibu la yote ni wewe, hapo ndipo pa kuanzia. Gawa majukumu hata kwa mgeni wa wiki ya pili. Mwenye kazi ya kufanya huona haya kutokuja.

Mwana Loleza
Shikamoo mwalimu. Jibu la yote ni mimi. Hata saa ya ukutani huwa naibeba kutoka nyumbani.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Basi anza kumwachia mwenzio hiyo saa.

Mhasibu wa Njombe
Mmesajiliwa au ni kikundi chenu tu? Kama ni Toastmasters, kusajili klabu mpya kunahitaji wanachama 20, na ada mnalipa mara mbili kwa mwaka, kabla ya 1 Aprili na 1 Oktoba. Ili mhesabike hai mnatakiwa wasiopungua 8 waliolipa, angalau watatu kati yao wawe wa zamani. Mkishuka mpaka 12 au chini ya hapo mnaweza kuomba mkufunzi kutoka klabu nyingine awasaidie kusimama. Watu wengi wanaona aibu kuomba, wanakufa kimya kimya.

Mwana Loleza
Ni kikundi chetu tu mkuu, hatujasajili. Ada ya dola iliwatisha watu.

Dereva wa Uyole
Usiwatoze chochote.

Mhasibu wa Njombe
Watoze hata buku. Mtu akitoa chake anafuatilia.

Chai ya Tukuyu
Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Ila leo siwezi kupita.

Nina kigugumizi tangu utoto. Niliingia klabu moja hapo Mbeya nikakaa miezi minne bila kuhutubu. Waliniuliza nataka kazi gani, nikaandika kwenye karatasi: mtunza muda. Ikawa kazi yangu. Nanyanyua kadi za rangi. Kijani, muda wa chini umetimia. Njano, anza kufunga. Nyekundu, malizia. Hakuna aliyenisukuma kuongea.

Kisha baba akafariki. Tulizika nyumbani Rungwe, mvua ya kwetu mnaijua. Wasifu wa marehemu alikuwa asome baba mkubwa, lakini gari lililomleta liliharibika njiani. Mchungaji akauliza mara mbili, nani atasoma? Ukoo mzima unaangaliana. Sijui nani alinisimamisha. Nikajikuta mbele, karatasi imelowa, wino unachuruzika.

Neno la kwanza lilikuwa "Baba". Nikakwama kwenye herufi ya kwanza.

Nisameheni, naitwa. Nitarudi.

Parachichi
Hapana! Usituache hapo!

Mama Forest
Jamani, moyo wangu.

Kijana wa Iyunga
Nimesahau hata nilikuwa nagombana na nani.

Ngoja Waje
Tuko hapa Tukuyu, tunasubiri.

Dereva wa Uyole
Wakati tunasubiri: mandazi na chai ya tangawizi mlangoni. Siku za baridi utaona watakavyojaa.

Msema Kweli
Watajaa walaji wa mandazi tu. Tulijaribu. Walikuwa wanaondoka baada ya chai.

Dereva wa Uyole
Basi ziwekeni mwisho wa kikao.

Chai ya Tukuyu
Nimerudi, poleni, ng'ombe walikuwa wametoka.

Nilikwama muda mrefu. Naona akina mama wanainamisha vichwa kwa huruma, na huruma ndiyo inayonifunga zaidi. Nikainua macho. Nyuma kabisa, chini ya mwavuli mmoja, walikuwa watu watatu wa klabu. Sikujua kama wamekuja, walitoka Mbeya asubuhi na mvua ile. Mmoja wao akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kadi ya kijani, akainyanyua juu.

Ile kadi mimi ndiye niliyeikata kwa mkasi. Kwetu maana yake ni kwamba umefikia, sasa uko huru, malizia unavyotaka. Nilikuwa bado sijasema hata neno moja na mtu ananiambia nimefikia.

Nikasema Baba. Likatoka vipande vipande, lakini likatoka. Nikasoma mpaka mwisho, nadhani dakika 10. Hakuna aliyenyanyua nyekundu.

Mwana Loleza, hao watatu hawakunifundisha kuhutubu. Walikuja tu. Na mimi nisingeiacha klabu hiyo mpaka leo kama isingekuwa nilihamia kijijini kumsaidia mama.

Parachichi
Ndaga fijo, asante sana ndugu yangu. Ndaga fijo.

Msema Kweli
Pole kwa msiba kaka. Sina la kubisha leo.

Binti Gangilonga
Kesho nakwenda Ipogolo. Sijui nitamwambia nini, lakini nakwenda.

Mwana Loleza
Wakuu, tangu mwalimu aandike nimekaa na daftari la mahudhurio, nimeanza kupiga simu kwa wale walioacha. Nimepata saba. Sikuwaambia warudi, niliwauliza tu wanaendeleaje. Wawili wamesema ndiyo mara ya kwanza mtu wa klabu kuwapigia. Mmoja kasema alidhani tulishafunga. Mmoja mke wake amejifungua na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Kesho jioni nakwenda kumwona mtoto na yule dada wa ndizi, maana yeye ndiye ameshika ufunguo wa pili sasa.

Jumamosi tunaanza saa 8, na itakuwa Kiswahili. Yule fundi wa Mafiati nimepata namba yake.

Chai ya Tukuyu
Nitapanda Coaster ya asubuhi. Kadi za muda niachieni mimi.