Rangi ya akriliki inanikaukia haraka nikichora maji ya ziwa, nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchoraji, niko Igogo, Mwanza. Nimekulia kwenye uchoraji wa Tingatinga: hadibodi na rangi ya mafuta ya dukani, ile ile ya kupaka milango. Hata mzee Edward Saidi Tingatinga alianza nayo Dar mwaka 1968, na mng'ao wake naupenda mpaka kesho.

Ila sasa nataka kuchora ziwa, jioni, pale Jiwe la Bismarck. Kwa rangi ile kila kitu kinang'aa sawasawa, jiwe kama maji. Mimi nataka jiwe lionekane kavu, lenye joto la mchana. Nikahamia akriliki, ile rangi ya kuchanganywa na maji. Mawe yamekubali kabisa! Maji ndiyo yananitesa: kabla sijaunganisha chungwa na zambarau, chungwa imeshakauka, na mpaka kati ya rangi hizo unabaki unaonekana. Je, naweza kuchanganya akriliki na rangi ya mafuta kwenye ubao mmoja?

Halafu namsoma sana Sam Ntiro, yule mchoraji wa Machame. Kuna anayemfuatilia?

Fundi Brashi: Mkuu, kuchanganya inawezekana, ila angalia mpangilio. Akriliki itangulie, ikauke vizuri, ndipo mafuta yaje juu. Ukigeuza, akriliki haishiki juu ya mafuta, itabanduka. Kwa hiyo mawe akriliki, maji mafuta, na mng'ao unabaki majini tu. Ukitaka akriliki tupu, lowanisha ubao kwa chupa ya kupulizia maji, fanya kipande kidogo kidogo, na usichore juani.

Dada wa Kirumba: Ntiro nampenda kwa watu wake. Wadogo, wengi, kila mmoja ana kazi, na mlima au migomba haiwamezi. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, bado akachora kwao. Usiige kijani chake, kaka, hicho ni cha Kilimanjaro. Angalia anavyowapanga watu, kisha nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi ukawatazame akina mama wa dagaa.

Muuliza swali: Asanteni sana. Fundi, hilo la maji kung'aa peke yake limenikosha, naanza na ubao mdogo. Dada, umenigusa, maana picha yangu haina mtu hata mmoja. Dagaa walioanikwa wana ule weupe wa fedha. Hapo ungetumia mafuta au akriliki?

Dada wa Kirumba: Akriliki chini, kijivu. Mafuta meupe kidogo sana juu, kwa ncha ya brashi.