Ukoo wa Mzee Stesheni: reli ya uani

JUMATANO

Baba Neema, 06:48
Mwangaluka wote. Bibi shikamoo. Watoto wamefunga shule, mvua hakuna mpaka Novemba, na jana nimefungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha mzee. Injini ipo. Mabehewa mawili yapo, la tatu silioni. Jumamosi nataka watoto wote walioko Tabora waje hapa Cheyo tufufue reli ya mzee, ile ya treni ndogo ya umeme. Hawaji kutazama, wanakuja kufanya kazi. Nani analeta wake?

Baba Neema, 06:50
[picha]
Angalieni magurudumu. Yamefifia tu, kutu hakuna.

Baba Neema, 07:33
Naona tiki za bluu. Mmesoma. Jibuni.

Kassimu, 08:05
Niliposoma reli nikadhani SGR imefika Tabora. Nimeshavaa viatu 😂

Dada Zuhura, 08:09
Huku Dodoma ilishafika 2024. Asubuhi unakwenda Dar, jioni unakula ugali kwako. Nyie endeleeni na mita geji yenu 😂

Baba Neema, 08:15
Zuhura, hiyo mita geji ndiyo yenyewe. Reli ya mzee ina upana wa milimita 45. Zidisha mara 22.5, ndiyo kipimo cha treni hizi, unapata mita moja na kidogo. Yaani ni ile ile Reli ya Kati iliyofika hapa 1912 na Kigoma 1914, imepunguzwa tu ikaingia uani. Yule Mjerumani wa chuoni alipomwachia mzee lile sanduku la LGB, kampuni ya kwao ya treni za kuchezea, aliliita la watoto. Mzee hakulichukua hivyo. Alisema ana reli yake na haitachelewa.

Hawa, 08:41
Jamani gunia la mahindi huko sasa bei gani?

Baba Neema, 08:42
Hawa, watoto wako wanakuja Jumamosi?

Simu ya Mama Neema, 09:20
Shikamooni wote. Mimi ni Neema, natumia simu ya mama. Baba amenipa hesabu. SGR ni milimita 1435. Ukigawanya kwa 22.5 unapata 63.8. Kwa hiyo treni ya SGR haiwezi kupita kwenye reli ya babu. Inabidi tutengeneze reli nyingine ya milimita 64, na nyaya juu kwa sababu ile inatumia umeme.

Dada Zuhura, 09:24
Marahaba mwanangu. Huyu aende chuo cha reli moja kwa moja.

Kassimu, 09:26
Mkandarasi Neema, mimi nyumba yangu iko kwenye njia ya mradi. Fidia lini?

Simu ya Mama Neema, 09:27
Nyumba yako iko Kiloleni, Baba Kassimu.

Kassimu, 09:30
Basi fidia waanze kulipwa wapangaji wa Juma. Vyumba vyao vimekaa juu ya stesheni ya Uvinza ya mzee 😂😂

Baba Neema, 09:48
Kassimu, acha hayo. Turudi kwenye kazi. Nimepima uwanja. Tulivyobaki navyo:
Vipande vya kona vipo 12. Kila kimoja nyuzi 30, kwa hiyo mduara mzima unafunga. Vilivyonyooka ni vichache, vinatosha kuurefusha uwe kama yai. Mataruma yake ni plastiki, mchwa hawakuyagusa. Stesheni ya Kaliua ya mbao wameila yote, limebaki bati la juu.

Baba Neema, 09:55
Kazi ya watoto wadogo ni kusafisha reli. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu najua kuna mtu atawapa stilwaya ya jikoni. HAPANA. Vinyuzi vya stilwaya vinabaki kwenye reli, injini ikipita sumaku ya mota inavinyonya ndani, mota inakwisha. Msasa mkali nao unachora mistari, na uchafu unapata pa kukaa. Tumieni ile sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, upande mkavu. Unasugua juu ya reli tu, pale gurudumu linapopita, mpaka weusi utoke na shaba ing'ae.

Mama Asha Ujiji, 10:12
Shemeji habari za huko. Hiyo reli safari hii itafika Kigoma au itaishia Urambo pale bombani kama zamani? Kigoma yetu mlitupa karai la maji mkaita Ziwa Tanganyika. Bata wakaja kuoga.

Kassimu, 10:14
Meli ya Liemba ilizamishwa na bata 😂

Mama Asha Ujiji, 10:15
Mlituaibisha Waha. Ila nitatuma migebuka, watoto wakifanya kazi wale.

Dada Zuhura, 10:16
Migebuka!!! Mimi nakuja.

Baba Neema, 10:30
Zuhura unakuja kweli au unafurahia samaki?

Baba Neema, 11:02
Zuhura?

Baba Neema, 11:40
Wakubwa, kuanzia miaka kumi, watachimba. Mfereji mwembamba, kina cha kiganja, tunajaza kokoto ndogo, reli inakaa juu yake. Hakuna saruji. Shaba inatanuka juani, ikibanwa inapinda kama utumbo. Kwenye maungio tunaacha nafasi ya unene wa wembe. Na usawa tutaupima kwa mpira wa maji kama mafundi ujenzi. Mteremko usizidi sentimita tatu kwa kila mita, zaidi ya hapo injini inazungusha magurudumu bila kwenda. Nataka watoto waone maji yanavyotafuta usawa wenyewe kwenye mpira. Hilo mzee alinionyesha nikiwa na umri wa Neema, na mpaka leo nikiona ukuta najua umelala au haukulala.

Baba Neema, 11:44
Kuna mzizi wa mwembe umeinua ardhi pale ilipokuwa Nguruka. Nitaukata Ijumaa jioni ili njia inyooke.

Juma, 12:51
Sikujua kama kundi hili limefunguliwa ili nijadiliwe.

Kassimu, 12:52
Bro ilikuwa utani

Juma, 12:58
Utani wa kila mwaka. Vyumba nilijenga kwa ruhusa, mkiwa mmekaa pale sebuleni wote. Na mkisema reli ya Uvinza mpaka Kigoma iko wapi, mnaniangalia mimi. Kwenye arobaini ya mzee mliniangalia mimi. Semeni basi leo kwa maandishi, nani aliuza shaba.

Baba Neema, 13:05
Juma, hakuna aliyesema umeuza.

Juma, 13:06
Hakuna aliyesema sikuuza.

Hawa, 13:20
Kaka Juma pole. Mimi nilikuwa nauliza mahindi tu.

Baba Neema, 13:31
Tuweke hayo pembeni. Juma wewe ndiye fundi umeme pekee kwenye ukoo huu. Mimi najua kulaza reli, umeme sijui. Transfoma ya mzee iko kwa nani? Mara ya mwisho ilikuwa kwa Baba Mdogo Ipuli. Baba Mdogo uko hewani?

Dada Zuhura, 14:10
Baba Mdogo hasomi kundi. Mpigie.

Baba Neema, 14:11
Nimepiga. Haipokelewi.

Simu ya Mama Neema, 16:37
[ujumbe wa sauti, 1:52]

Simu ya Mama Neema, 16:44
Hapo ni Bibi anaongea, upepo unavuma hasikiki vizuri. Ameniambia niandike kama alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze. Mimi Mama Neema.

"Reli kutoka Uvinza mpaka Kigoma niliuza mimi. Alikuja kijana wa vyuma chakavu na mizani yake, nikaing'oa mwenyewe, nikampimia. Baba yenu alikuwa wodini, dawa ilitakiwa siku ile. Nilipiga simu zenu moja moja. Juma ndiye aliyepokea, akaja usiku na pikipiki. Hela ya shaba na hela ya Juma ndiyo iliyonunua dawa. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka mtu aone haya kaburini. Jina la Juma lisitajwe tena kwa jambo hilo, uwe utani au usiwe utani. Reli ijengeni, watoto wacheze, baba yenu angetaka. Na mwembe wangu usikatwe mzizi. Reli ndiyo izunguke."

Baba Neema, 18:26
Nimesikia mama.

Dada Zuhura, 18:40
Nimesikia mama. Shikamoo.

Kassimu, 19:02
Juma nakupigia.

ALHAMISI

Baba Neema, 07:10
Mwangaluka. Bibi shikamoo. Jana usiku nimetoka na tochi kuangalia. Mzizi hatuukati. Kona zetu zina nusu kipenyo cha sentimita 60, kwa hiyo tukiusogeza mduara kuelekea bombani tunapita nje ya mzizi na Urambo inabaki palepale. Nguruka inahamia upande wa jiko. Tatizo ni moja: vipande vilivyonyooka havitoshi kurudi. Lazima tuchague, yai fupi linalofunga, au njia ndefu isiyofunga, injini inakwenda na kurudi kinyumenyume.

Simu ya Mama Neema, 07:25
Neema tena. Mimi nachagua ndefu. Treni ya kweli haizunguki, inakwenda Kigoma inarudi. Na tumepiga hesabu: Tabora mpaka Kigoma tuseme km 400, ukigawanya kwa 22.5 reli ya babu ingekuwa karibu km 18.

Mama Asha Ujiji, 07:31
Ndiyo maana hamfiki.

Hawa, 07:50
Wangu wadogo, wanataka izunguke. Ikisimama watalia.

Baba Neema, 07:52
Hawa kumbe wanakuja! Wangapi?

Baba Neema, 08:30
Hawa?

Baba Neema, 08:34
Injini nimeifungua chini. Grisi imeganda, ya manjano, ngumu kama nta. Nimeitoa kwa kijiti cha meno kwenye kila jino la gia, Neema ananimulikia. Tusiweke oili ya gari, inatiririka mpaka kwenye reli na gurudumu likiwa na mafuta umeme haupiti. Inatakiwa grisi kidogo tu, ya aina isiyokula plastiki. Anayejua inapouzwa mjini aseme.

Juma, 13:15
Transfoma hata ikipatikana isikae nje. Iweke sebuleni, toa waya mbili tu dirishani. Upande wa reli haizidi volti 24, haimdhuru mtoto. Upande wa ukutani ni 230, huo mtoto asiuguse.

Juma, 13:22
Kama haipatikani, au umeme ukikatika, betri ya pikipiki inatosha. Volti 12 injini itakwenda polepole, ndiyo nzuri kwa watoto. Lakini fyuzi iwekwe karibu na betri kabla ya waya kufika popote. Mtoto akilaza bisibisi juu ya reli mbili bila fyuzi, waya unawaka.

Baba Neema, 13:24
Juma asante. Unakuja Jumamosi?

Kassimu, 13:30
Mimi natoa betri ya boda. Ila kesho yake naihitaji, ndiyo riziki.

Baba Neema, 13:33
Kassimu umeandikwa. Juma?

Dada Zuhura, 15:02
Behewa la tatu ninalo mimi. Alinipa mzee mwenyewe nilipohamia Dodoma. Nilikuwa naweka miwani.

Baba Neema, 15:04
Lilete!

Dada Zuhura, 15:20
Likizo yangu mpaka nione wiki ijayo. Naweza kulituma kwa basi.

Baba Neema, 15:21
Usitume kwa basi. Njoo nalo.

Baba Neema, 17:45
Mpaka sasa: Neema na mdogo wake. Watoto wa Hawa sijui wangapi. Betri Kassimu. Kokoto nimenunua ndoo nne, ziko getini. Mpira wa maji nimeazima kwa jirani. Transfoma bado. Njia ndefu au yai bado. Juma bado.

Juma, 20:38
Jumamosi nina kazi Nzega, nimeshachukua kianzio. Jumapili mchana naweza kuwa nimerudi. Fyuzi na waya nitaziacha kwa Bibi kesho nikipita.

Baba Neema, 20:40
Basi Jumamosi tunachimba na kusafisha, umeme Jumapili. Wote mnakubali?

Hawa, 21:55
Jumapili tuna kipaimara.

Baba Neema, 21:56
Jumapili jioni? Baada ya kipaimara? Wengine semeni.

Baba Mdogo Ipuli, 22:47
Ndio naona hizi meseji. Transfoma ipi, ile ya kijivu?