Raundi ya tisa: Shakir au Coleman?

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanaidi. Alhamisi jioni, mwishoni mwa Agosti 2025*

Zuhura (Houston): Jamani naomba ushauri kabla ya drafti ya Jumamosi, ile ya kuchagua wachezaji wa ligi yetu ya fantasi ya futiboli ya Marekani. Tuseme nimefika raundi ya tisa, Khalil Shakir yupo na Keon Coleman yupo. Wote wapokeaji wa Buffalo Bills, wote wanarushiwa mipira na kwotabeki Josh Allen. Nimchukue nani?

Kassim (Columbus): Coleman. Swali lingine?

Zuhura: Wewe ni mpinzani wangu, ushauri wako naupokea kwa tahadhari.

Kassim: Mimi ni kamishna wa ligi, nasema kwa haki tupu 😂 Coleman ni jitu, kwenye drafti ya NFL yenyewe alichukuliwa raundi ya pili 2024, chaguo la 33. Akidaka mmoja umepata yadi 20. Shakir alichaguliwa raundi ya tano, anadaka vimipira vya yadi tano tano. Mchezaji wa sloti, yule mpokeaji anayesimama ndani, ni wa kujazia benchi.

Shangazi Mwanaisha: Michango ya maulidi bado watu wanne hawajatoa. Wanajijua.

Kassim: Shikamoo shangazi. Natuma kesho inshallah.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Kesho ya wiki iliyopita hiyo.

Zuhura: 😂😂 Haya Kassim, hesabu. Msimu wa 2024 Shakir alirushiwa mipira 100, akadaka 76, yadi 821, tachidauni (kuingia na mpira mwishoni) 4, kwa mechi 15. Aliongoza timu nzima kwa kudaka na kwa yadi. Coleman alirushiwa 57, akadaka 29, yadi 556, tachidauni 4, mechi 13. Huyo wa benchi ni nani hapo?

Kassim: Tachidauni 4 kwa 4. Umesema mwenyewe. Na wangu alikuwa mgeni wa ligi, tena aliumia akakaa nje.

Mjomba Salim (Tanga): Nyie watoto mnazungumza nini usiku huu? Huku ndiyo kwanza naamka kuswali.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Ule mchezo wa helmeti. Tuna ligi yetu ya fantasi ya familia, kila mtu anachagua wachezaji wake, wakicheza vizuri yeye anapata pointi.

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Kama anavyocheza Hamza na Ligi Kuu ya Uingereza.

Hamza (Tanga): Ndiyo baba. Tena mimi niko nafasi nzuri, tusiongee sana.

Shemeji Didier (Buffalo): Habari zenu wote. Miye niko hapa Buffalo, huyu Shakir namwona kila Jumapili, niruhusuni niseme kidogo. Kassim unasema vimipira, lakini angalia pale anaposimama. Haanzii kule nje karibu na mstari wa pembeni. Anasimama ndani, kati ya ule ukuta wa wakubwa na mpokeaji wa nje, na mara nyingi hatua moja nyuma ya mstari. Hapo hakuna beki wa kumsukuma kifuani mchezo unapoanza. Tena kabla mpira haujatoka wanamtembeza upande wa pili, Allen anatazama nani anamfuata. Akifuatwa na mtu, anajua wanakaba mtu kwa mtu. Wasipomfuata, wanakaba maeneo. Kazi hiyo yote haiandikwi popote.

Kassim: Na isiyoandikwa hailipi pointi, shemeji.

Shemeji Didier: Ngoja basi. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Sasa ni jaribio la tatu, zimebaki yadi 4. Shakir anakimbia yadi 5, anasimama, anageuka. Mpira umeshatoka mkononi mwa Allen kabla yeye hajamaliza kugeuka. Anadaka, anamteleza wa kwanza, wa pili anamwangusha yadi 9. Kwenye televisheni hawarudii hata picha, wanaweka tangazo la gari. Lakini wewe uliye naye umepata kudaka kumoja na yadi 9, na Bills wamepata majaribio mengine manne. Sehemu kubwa ya yadi zake anazipata hivyo, mpira ukiwa tayari mkononi. Na Disemba upepo wa Ziwa Erie ukiingia pale Orchard Park, mpira mrefu unakwenda unakotaka wenyewe. Ule mfupi unafika.

Zuhura: Shemeji sema tena 👏

Shemeji Didier: Na wenye timu wanajua. Februari walimwongezea mkataba wa miaka 4, unaweza kufika dola milioni 60 na kidogo. Huwezi kumlipa hivyo mtu wa kujazia.

Kassim: Timu inamlipa kwa kuisaidia timu. Mimi simlipi kwa hilo. Timu inafurahi akimvuta beki mmoja, mkimbiaji wao Cook akapita katikati. Mimi nafurahi yeye akiingia na mpira mwishoni. Na haingii! Msimu ule James Cook alifunga 16 kwa kukimbia, Allen mwenyewe akakimbiza 12. Bills wakifika yadi tatu za mwisho hawarushi kwa Shakir, Allen anajitupa na kilo zake zote. Hayo ndiyo maisha ya mpokeaji wa Buffalo.

Zuhura: Hapo nakupa. Hilo ni la kweli.

Kassim: Na tangu Stefon Diggs aondoke kauli yao ni kila mtu ale. Mwaka 2023 Diggs peke yake alidaka 107. 2024 aliyeongoza ndiyo huyo mwenye 76. Sufuria ni lile lile, sahani zimeongezeka.

Mjomba Salim: Niulize. Huyo anayedaka bila kufunga, analipwa kwa kudaka au hadi afunge?

Zuhura: Analipwa mjomba. Kila kudaka pointi 1, kila yadi 10 pointi 1, tachidauni 6.

Kassim: Nusu.

Zuhura: Nusu nini?

Kassim: Mwaka huu kila kudaka ni nusu pointi. Nilitangaza Aprili humu humu.

Zuhura: APRILI??

Kassim: Panda juu utaona. Siku ile ya picha za harusi.

Shangazi Mwanaisha: Zile picha zilitoka nzuri sana, mashallah.

Zuhura: Picha 140 halafu katikati yake sheria ya ligi. Hii ni ujanja ujanja wa uchaguzi 😂 Shemeji ulijua?

Shemeji Didier: Miye niliona picha tu.

Hamza: Dada Zuhura hilo ndilo jambo lenyewe. Huku kwetu, fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, msimu huu wamebadilisha. Beki akifikisha 10 za kuondosha, kuzuia, kunasa na kupora mipira, anapewa pointi 2. Kiungo anatakiwa 12, ila yeye na mipira anayookota inahesabiwa. Kuna viungo wakabaji mwaka jana hakuna aliyewagusa, sasa hivi kila mtu anawanunua. Mchezaji ni yule yule na mguu ule ule. Kilichobadilika ni kinacholipwa. Huyo mtu wenu wa sloti naona ni wa namna hiyo.

Mjomba Salim: Ada nilizolipa hazikupotea.

Zuhura: Sawa, ngojeni nipige upya. Nachukua takwimu za 2024, siwakati pointi kwa mipira waliyoipoteza.

Zuhura: Haya. Kwa pointi nzima Shakir ana 182, Coleman 109. Kwa kila mechi ni 12.1 dhidi ya 8.4. Kwa nusu, Shakir 144, Coleman 94, yaani 9.6 dhidi ya 7.2. Kwa ligi isiyolipa kudaka kabisa, 7.1 dhidi ya 6.1.

Zuhura: Kwa hiyo Kassim na nusu yako umenipunguzia pengo kutoka karibu 4 hadi 2 na kitu. Lakini bado yuko mbele. Hata usipolipa kudaka bado yuko mbele!

Kassim: Kwa wastani. Fantasi hatuchezi wastani, tunacheza wiki. Coleman wiki moja atakupa 3, wiki nyingine 22. Ile ya 22 ndiyo inakushindia.

Shemeji Didier: Na ile ya 3 inakufunga.

Kassim: Kwa raundi ya tisa shemeji, huyo si mtu wa kuanza kila wiki. Mtu wa benchi unataka awe na kitu cha kulipuka. Akilipuka una nyota kwa bei ya karanga. Asipolipuka unamtema wiki ya tatu, unachukua mwingine kwa wachezaji huru, wale ambao hakuna aliyewachagua. Mpole wa pointi 9 kila wiki anakaa benchi anakutazama, hujui umweke au umwache.

(Hapa Kassim kasema kitu, ingawa ni Kassim. Zuhura kanyamaza dakika nane, halafu kaja na ujumbe wa sauti. Hamza kauandika kwa faida ya waliokuwa kazini.)

Hamza: Dada anasema: inategemea raundi nane za kwanza umechukua nani. Ukiwa tayari una wapokeaji wawili wa kulipukalipuka, wa tatu mchukue anayeleta mshahara kila wiki, umweke kwenye fleksi, ile nafasi ya ziada, umsahau. Ukiwa umejaza watu wa mshahara, basi bahatisha na Coleman. Halafu kuna kelele za blenda, sikusikia mwisho.

Zuhura: Mwisho nilisema Kassim aache kiburi.

Kassim: 😂 Nani anamkumbuka Hunter Renfrow?

Shemeji Didier: Raiders.

Kassim: Huyo huyo. Sloti safi. 2021 alidaka 103, yadi 1,038, tachidauni 9. Watu 2022 wakamkimbilia. Akacheza mechi 10, akadaka 36, yadi 330. Kwisha habari.

Zuhura: Sema yote basi. 2021 Henry Ruggs aliachwa na timu Novemba, Darren Waller akakosa mechi kadhaa kwa kuumia. Mipira ilikuwa haina pa kwenda, ikaenda kwa Renfrow. 2022 akaja Davante Adams, akaja na kocha mpya Josh McDaniels, na Renfrow mwenyewe akaumia. Si kwamba alisahau kudaka. Nyumba ilijaa wageni.

Kassim: Sawa. Na Buffalo je? Wamemleta Joshua Palmer kutoka Chargers. Dalton Kincaid msimu uliopita alikuwa hoi, akadaka 44 tu, naye anacheza katikati hapo hapo. Coleman anaingia mwaka wa pili. Wageni hao.

Zuhura: Palmer si Davante Adams, tuheshimiane. Na kocha ni yule yule McDermott, kwotabeki ni yule yule aliyetoka kuwa MVP, mchezaji bora wa ligi. Kinachonitisha mimi ni Kincaid, wengine hapana. Akipona vizuri, yale majaribio ya tatu watagawana.

Shemeji Didier: Na kifundo. Mmesahau Shakir aliteguka kifundo kambini. Ile ya juu, inayochukua muda. Mtu wa sloti maisha yake ni kusimama ghafla na kugeuka. Wa nje anaweza kukimbia moja kwa moja na kifundo kibovu kidogo. Huyu hawezi.

Zuhura: Hilo ndilo lililonileta hapa tangu mwanzo. Kama si kifundo, raundi ya tisa asingefika.

Hamza: Swali la mtoto wa huku. Kama sloti ni ya vimipira, mbona yule Amon-Ra St. Brown mnamchukua raundi ya kwanza? Nimeona picha, anasimama ndani vile vile.

Zuhura: Swali zuri. Raundi ya nne 2021, chaguo la 112. Mechi sita za mwisho za mwaka wake wa kwanza hakushuka chini ya kudaka 8 hata moja. Waliomwona mapema walikula. Tofauti na Shakir ni kwamba timu yake, Detroit, wakikaribia kufunga wanamtafuta. 2024 alidaka 115, tachidauni 12. Anacheza ndani, anacheza nje, hatoki uwanjani. Cooper Kupp 2021 ndiyo usiseme, 145 na tachidauni 16, na makazi yake yalikuwa ndani. Kwa hiyo ukiambiwa “sloti” uliza mambo mawili: anatoka timu ikibakisha wapokeaji wawili? Na wakifika yadi 10 za mwisho anatazamwa? Shakir la kwanza ana nafuu, la pili hana.

Kassim: Kwa mara ya kwanza leo umesema kitu nakubali chote.

Zuhura: Kwa hiyo uamuzi wangu. Simpandishi hadi raundi ya saba kama walivyofanya watu na Renfrow. Akifika ya tisa, na Ijumaa habari za kifundo ziwe nzuri, namchukua. Kabla ya hapo simgusi.

Kassim: Asante kwa kutuambia. Mimi nachagua kabla yako raundi ya nane 😎

Zuhura: Si ulisema wa benchi!!

Kassim: Nilisema kwa bei gani? Ya nane ni benchi tajiri.

Shemeji Didier: Kamishna mwizi. Tupige kura arudishe pointi nzima.

Zuhura: Mimi 👍

Hamza: Mimi sina timu ila 👍

Kassim: Kura za Tanga hazihesabiwi. Drafti ni Jumamosi, saa mbili usiku saa za Houston, saa tatu huku kwangu na kwa shemeji. Atakayechelewa kompyuta inamchagulia.

Mjomba Salim: Huku itakuwa saa ngapi?

Hamza: Saa kumi alfajiri ya Jumapili, baba.

Mjomba Salim: Nitakuwa macho. Mnitumie hicho kiungo cha kuingilia na mimi nipewe timu.

Kassim: Mjomba nafasi zimejaa 🙏

Shangazi Mwanaisha: Kassim mpe kaka yangu timu. Na mchango.